Mawazo Mawili Kabla ya Udongo: Kuwafundisha Watoto Kupanga na Kulinganisha katika Kazi Mradi



Mpe mtoto wa darasa la tano udongo, mwambie atengeneze chombo cha kuhifadhia mboga, na papo hapo ataanza kufinyanga. Mchoro ukiudai, atauchora kazi ikishakwisha, ili upate cha kusahihisha. Si mvivu. Alama zetu sisi walimu huenda kwenye kitu kilichokamilika, naye ameelewa vizuri tunathamini nini.

Pendekezo langu ni moja: udongo usifike mezani mpaka kila kikundi kiwe na mawazo mawili yanayotofautiana kweli. Chungu chenye maua na chungu kisicho na maua ni wazo lile lile.

Tuendelee na hiyo mboga. Mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliyetoka katika ukoo wa wafinyanzi, alipata Tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kazi yake ya chungu ndani ya chungu. Kati ya vyungu viwili hutiwa mchanga uliolowekwa. Maji yanapogeuka mvuke kwenye kuta za chungu cha nje, huondoka na joto. Kifaa hiki ni hazina darasani kwa sababu ubora wake hutegemea mahali. Kaskazini mwa Nigeria hewa ni kavu, na Dodoma wakati wa kiangazi vivyo hivyo. Tanga hewa imeshajaa unyevu, maji hukauka polepole, na chungu hakipoi sana. Mtoto wa Tanga akikiacha, akachagua kusimamisha mchicha na mizizi yake kwenye beseni la maji kivulini, amefikiri kama mhandisi.

Lakini atachaguaje? Vigezo viandikwe ubaoni kabla mawazo hayajatajwa, la sivyo litashinda wazo la mwenye sauti kubwa. Vitatu vinatosha: mboga ikae muda gani bila kunyauka, maji yatumike kiasi gani, gharama iwe ngapi. Kila wazo lipewe pointi kwa kila kigezo katika jedwali. Watoto hupenda kujumlisha pointi hizo na kumtangaza mshindi, na hapo ndipo mwalimu anahitajika zaidi. Wazo linaweza kuongoza kwa jumla na bado lisifae nyumba inayonunua maji kwa ndoo. Kwa hiyo kila kikundi kiandike sentensi ya sababu, mfano: “Tumeacha chungu kwa kuwa mchanga unataka maji kila siku, na maji yetu ni ya kununua.” Sentensi hiyo naithamini kuliko jedwali zima.

Kifaa kikishatengenezwa, jaribio lake nalo liwe la haki: mafungu ya mchicha yenye uzito sawa, yaliyonunuliwa pamoja, moja likiachwa wazi mezani kwa kulinganishia.

Kupanga na kuchagua kufanyike darasani, si nyumbani. Nchini Kenya, tangu mtaala wa umilisi uanze kusambazwa shuleni mwaka 2019, wazazi wamelalamika kwamba wao ndio wanaomalizia kazi za watoto usiku. Wazo likichaguliwa darasani, mzazi anaweza kusaidia kukata mbao, lakini sababu atazieleza mtoto.

Kuhusu alama, katika kila 10 napendekeza 4 ziende kwenye mpango na ulinganishi, 3 kwenye kifaa, 3 kwenye marekebisho baada ya jaribio. Mchoro wa wazo lililoachwa usifutwe. Ubaki daftarini pamoja na sababu yake, kwa maana mchicha ukinyauka siku ya pili, kikundi kitauhitaji.