Pumzi, Ubani na Mashahidi: Kupandisha Pepo Kusini Unguja



Kijana wa leo akitaka kuingia katika hali ya kupotewa na nafsi ili afanye uganga, maelekezo anayakuta tayari. Jifungie chumbani, lala chali, legeza viungo kuanzia vidoleni mpaka usoni, fuata pumzi, kisha ita unachokiita. Maelekezo haya yana wenyewe. Mwaka 1932 daktari wa Kijerumani Johannes Schultz alichapisha mazoezi ya mtu kujiambia kwamba mkono wake ni mzito na una joto, mpaka mwili ukatii. Mwaka 1975 Herbert Benson wa Marekani akaeleza kwamba mahali patulivu, mkao usiochosha, neno linalorudiwa na moyo usioshindana na mawazo yanayopita huteremsha mapigo ya moyo na kupunguza kasi ya pumzi. Hayo nayakubali. Aliyewahi kubaki msikitini baada ya alfajiri na tasbihi ya chembe 99 mkononi ameyaonja kabla ya kuyasoma.

Ninachokipinga ni dhana kwamba kulegea peke yake ndiko kunakompandisha mtu. Hapa kwetu anayepanda hapandi peke yake, na nina hakika kwamba hilo ndilo jambo kubwa katika elimu hii.

Tutazame kilingeni. Mgonjwa, mara nyingi mwanamke, hukalishwa na kufunikwa shuka kichwani, chetezo cha ubani na udi kikiwa mbele yake. Huvuta moshi huo taratibu, kichwa kimeinama. Kabla ya hapo pengine amekunywa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani sahanini na kuoshwa kwa maji ya marashi. Mpaka hapa Schultz angeitambua kazi: macho yamefungwa, joto, harufu moja, pumzi ndefu. Lakini wamemzunguka watu wanaojua nyimbo. Kila kabila la pepo lina nyimbo zake, rangi yake na chakula chake. Ruhani ni Mwarabu Mwislamu, anataka usafi, marashi na dhikri. Kibuki ametoka Bukini, yaani Madagaska, ni Mkristo, na hutaka brandi. Mganga hubadilisha wimbo huku akimtazama mgonjwa mabega, mpaka ufike unaomgusa. Kichwa huanza kutikisika. Hapo ndipo pepo huulizwa jina, ametoka wapi, na anataka nini kwa kiti chake, yaani mtu aliyempanda.

Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliyaandika mambo ya kupunga pepo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903. Ni mwenzetu aliyeandika kwa Kiswahili, akieleza jamii anayoijua kwa ndani, na ningependa kila mwanafunzi wa somo hili aanze naye kabla ya wageni.

Wageni nao wana la maana. Mwaka 1962 Andrew Neher alidai kwamba mdundo wa ngoma huuendesha ubongo moja kwa moja. Mfaransa Gilbert Rouget akampinga katika kitabu chake cha mwaka 1980: ingekuwa hivyo, wapigaji na wasikilizaji wote wangepanda pamoja. Kilingeni mpiga ngoma yuko macho mpaka asubuhi. Rouget akatenga njia mbili, moja ya ukimya, upweke na kutulia, nyingine ya kelele, mkusanyiko na mwendo. Mgawanyo huo ni mzuri, ila Unguja unavuja. Mwanamke aliye chini ya shuka ametulia katikati ya kelele. Wanazikri wa Qadiriyya, tarika iliyoenezwa hapa na Sheikh Uways al-Barawi aliyefariki mwaka 1909, hujikusanya kwa sauti na mwendo ili moyo utulie kwa Mola. Dhikri ni ibada, siichanganyi na uganga. Nazungumzia mwili na pumzi tu.

Najua mashehe wengi wanaikataa ngoma ya pepo. Uislamu ni wa kale huku: mihrabu ya msikiti wa Dimbani, kusini Unguja, ina maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na bado katika kusini hii hii wavyale, watunzaji wa mizimu, wamefukiza ubani kwenye mizimu hiyo. Ubishi huo ni wa haki na una wenyewe wa kuuamua.

Mimi naliangalia jambo moja: aliyepanda akirudi, kwa kawaida hakumbuki. Aliyosema pepo yamebaki kwa waliokaa naye. Wao ndio wanaojua ametaja ugomvi gani wa nyumbani, ameomba pete au mbuzi, ameahidi kumwachia lini. Aliyejifungia chumbani hana shahidi. Akisikia sauti, hana wa kumwambia kwamba sauti hiyo ina jina na adabu, au kwamba hii si pepo, twende hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu akaonwe na daktari. Waganga wazuri husema hivyo, tena mapema.

Kwa hiyo watafiti wanaopima pumzi na mapigo ya moyo wa kiti peke yake wanapima nusu ya kazi. Wawapime na wanaopepea chetezo, wanaopokezana nyimbo, wanaomshika asianguke. Kisha wakae mpaka asubuhi, wamsikilize mganga akimsimulia mgonjwa yaliyosemwa kwa kinywa chake, na mumewe akiwa hapo hapo, akiulizwa kama yuko tayari kuitoa hiyo pete.