Karai Moja la Boliti: Tulivyojifunza Kubadilisha Injini kwa Mpango

(Mazungumzo ya fundi wa kujitolea mbele ya semina ya kamati za parokia)



Nimeombwa nieleze jinsi tunavyobadilisha injini ya gari uani kwetu, bila kulipeleka gereji ya mjini. Nitaanza na mara ya kwanza, kwa sababu mara ile tulishindwa.

Gari la zahanati yetu ni Land Cruiser yenye injini ya dizeli aina ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2. Injini ilipokufa tulinunua nyingine iliyotumika. Ile mbovu tuliishusha kwa siku moja, tukajisifu sana. Boliti zote tulizitia katika karai moja. Siku ya kurudisha, hakuna aliyejua ipi ni ya wapi. Boliti ndefu ikakazwa kwenye tundu fupi, ikapasua chuma. Nyingine hazikuonekana kabisa. Gari likakaa juu ya magogo wiki saba.

Katika wiki hizo, mama mmoja mwenye uchungu wa uzazi alipelekwa hospitali usiku kwa pikipiki. Namshukuru Mungu alifika salama, akajifungua salama. Lakini nilijua kilichompandisha pikipiki ile. Ni karai langu.

Mara ya pili, kwa gari lingine la aina hiyo hiyo, tulimaliza kwa siku tano. Mafundi walikuwa wale wale na spana zile zile. Kilichobadilika ni mpango, nao ni huu:

Kwanza, kabla ya kufungua chochote tulikaa na kamati tukaandika vinavyohitajika. Injini ikiwa nje, ni rahisi kubadilisha klachi, pampu ya maji, mkanda wa taiming na oili sili ya nyuma. Ukisubiri viharibike baadaye, utalipa kazi mara mbili. Basi vilinunuliwa vyote mapema, na kazi haikusimama kungoja fedha.

Pili, tulipiga picha kwa simu kila upande wa injini kabla ya kugusa kitu. Kisha tukachomoa betri, tukaanza na waya hasi.

Tatu, kila waya na kila mpira ulifungwa karatasi yenye namba pande zote mbili: 1 kwa 1, 2 kwa 2. Namba hizo ziliandikwa katika daftari moja tu, lililoshikwa na kijana mmoja tu.

Nne, boliti za kila kifaa zilikaa katika kopo lake lenye jina: stata, alteneta, gia boksi. Pale ambapo boliti hazilingani urefu, tulichora umbo la kifaa kwenye boksi la karatasi, tukatoboa matundu na kuchomeka kila boliti mahali pake.

Tano, mipira ya dizeli na midomo ya injini iliyobaki wazi ilizibwa kwa vitambaa safi, navyo viliandikwa idadi. Vumbi likiingia huharibu pampu na nozeli. Kitambaa kikisahaulika ndani, ni hasara nyingine.

Sita, injini ikining'inia kwenye cheni, hakuna mtu wala mkono chini yake. Hapo hatukuwa na mzaha.

Wakati wa kurudisha tulilisoma daftari kutoka mwisho kwenda mwanzo, tukiweka alama penye kila kilichofungwa. Jioni ya siku ya nne mstari mmoja ulikuwa hauna alama: waya wa ethi unaounganisha injini na bodi. Bila waya huo stata huzunguka kwa uvivu au hukataa kabisa, na mafundi hulaumu betri. Daftari lilituonyesha kosa kabla hatujawasha.

Ndugu wajumbe, nanyi mna sehemu yenu. Tupeni chumba chenye kufuli, na ufunguo uwe kwa mtu mmoja. Msiruhusu kifaa kiazimwe, hata kwa siku moja. Kabla ya kulipa, linganisheni namba iliyopigwa kwenye injini na ile iliyo kwenye stakabadhi. Hapa Tanzania namba ya injini imo katika kadi ya gari, kwa hiyo badiliko lipelekwe TRA ili kadi isahihishwe.

Nanyi wafadhili wetu, mnapotuma fedha za injini, msione ajabu mkikuta katika bajeti daftari, makopo na kufuli. Ni vitu vya bei ndogo, lakini ndivyo vinavyoilinda ile bei kubwa.

Daftari letu bado lipo. Kamati yoyote inayotaka kulinakili, karibuni sana.