Ruzuku ya Jiko Isimruke Fundi Wetu
(Maneno niliyozungumza kwenye kikao cha vijana, Kitahana)

Mimi bado mwanafunzi wa sheria, kwa hiyo msije mkaniletea kesi za mashamba leo.

Baba yangu mdogo ni fundi hapa Kibondo. Anachukua pipa chakavu na bati la gari bovu, anakata, anagonga, anachomelea, linatoka jiko. Chuma kilichokuwa kinaozea jalalani kinapikia watu ugali. Mwezi uliopita aliniambia: "Mwanangu, nikiuza hivi mpaka mwakani, kibanda nafunga."

Kwa nini? Vijiti vya kuchomelea, rangi, diski za grinda, bei zake zimeshabeba VAT ya asilimia 18. Kiwanda kilichosajiliwa VAT kinaikata hiyo kwenye kodi kinayodaiwa. Fundi hajasajiliwa, tangu 2023 kiwango cha kulazimika kusajiliwa ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Basi inamkalia mwenyewe.

Upande wa pili kuna ruzuku. Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi, na REA imeuza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa nusu bei. Sipingi! Moshi unaua mama zetu. Ila ruzuku iko kwenye mtungi wa kwanza. Kujaza tena ni mfuko wako. Gesi ikiisha, mama anarudi kwenye mkaa, na jiko la mkaa analitoa kwa fundi yuleyule tuliyemruka.

Kodi ya kaboni nayo inazungumzwa. Afrika Kusini wanayo tangu 2019. Ikija kwetu, tukumbuke 2011: ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Nia nzuri, lakini aliyeumia ni bibi wa koroboi, asiye na umeme. Kodi ya namna hii humuuma zaidi asiye na njia nyingine. Kwa hiyo imbane anayeyeyusha chuma kipya, impe nafuu anayefufua cha zamani.

Tuseme ukweli pia: yapo majiko ya mafundi wetu yanakula mkaa kama gunia lililotoboka. Ndiyo maana nasema jiko lipimwe, na likifaulu fundi naye apate ruzuku.

Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi bila sheria ya Bunge. Maana yake pa kusemea papo: Kamati ya Bajeti hupokea maoni kabla Muswada wa Fedha haujapitishwa Juni. Tusiishie kulalamika WhatsApp. Jumamosi tupite kwa mafundi, tuandike gharama ya jiko moja, shilingi kwa shilingi. Nitaanza na kibanda cha baba mdogo. Nani anakuja?