Mali ya Wote Isigeuzwe Ploti

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo)

 

Pengine mnajiuliza, "Habari za bustani za Nairobi zatuhusu nini sisi watu wa jembe?" Zinatuhusu. Soko letu linapanuka. Jana lilikuwa maduka matano, kesho litakuwa mji. Na mji ukikua, kitu cha kwanza kuliwa ni ule uwanja ambao kila mtu anautumia na hakuna anayeulinda.

Mwaka wa 1989 ulitokea mpango wa kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park, mahali ambapo hata asiye na senti mfukoni hupumzika chini ya mti. Profesa Wangari Maathai wa Green Belt Movement alikataa. Hakuwa na jeshi, alikuwa na kalamu. Aliandika barua serikalini na hata nchi za nje. Akatukanwa Bungeni. Kikundi chake kikafukuzwa katika ofisi ya serikali. Akaenda Mahakama Kuu, akaambiwa hana haki ya kushtaki kwa niaba ya umma. Lakini kilio kilikuwa kimesikika mbali. Mpango ukakwama, na mwaka wa 1992 ua ukaondolewa. Jumba halikujengwa.

Mimi nami nina habari yangu, na si ya kujivunia. Katika mji mdogo nilikofanya kazi palikuwa na kiwanja. Watoto walicheza mpira, akina mama walifanya mkutano wao chini ya mti. Siku moja tukaona mawe ya mpaka. Tukanong'ona tu, kila mmoja akingoja mwenzake aseme. Baada ya muda mabati yakasimama. Leo watoto wale wanacheza barabarani, katikati ya matatu. Hatukunyang'anywa kwa nguvu, ndugu zangu. Tulinyamaza.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tujue. Tuulize ofisi ya ardhi kiwanja chetu kimeandikwaje. Msiridhike na "kila mtu anajua ni cha wote." Mnyakuzi haogopi maneno, anaogopa karatasi.

Pili, tuandike. Mkiona mawe ya mpaka, andikeni barua siku hiyo hiyo kwa kaunti na kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Wote watie sahihi, na asiyejua kuandika atie kidole. Wekeni nakala.

Tatu, tukitumie. Tupande miti kando kando, tufyeke nyasi, tufanyie mikutano hapo. Kiwanja kisichotumiwa huitwa kitupu.

Na tukishindwa kote, mlango aliofungiwa Mama Wangari sasa uko wazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 70, yamruhusu mtu kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi, bila kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Hata kikundi kidogo kinaweza.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla hatujaenda kunywa chai, nataka majina mawili: nani watakwenda ofisi ya ardhi wiki hii?