Sauti kwanza, jina la herufi baadaye

(Maneno ya mwalimu wa watoto wadogo kwa mkutano wa wanachama, Nyangezi)



Wengi tumerudi na watoto wenye walianza kusoma Kiingereza kule Uganda, Nakivale ao Kyangwali. Hapa wanakuta Kiswahili na Kifaransa. Ukiandika "i" ubaoni, mtoto anasema "ai". Ukiandika "e", anasema "i". Wenzake wanacheka, na nyumbani tunasema: huyu hajui kitu, aanze upya. Hapana! Ametaja jina la herufi kama Waingereza wanavyoliita. Tukimcheka, atafunga kinywa, na mwenye kufunga kinywa haendelei kusoma lugha yoyote.

Ndiyo maana siku ya posho tunafundisha sauti kwanza. Jina la herufi halisomi neno. Mtoto akitaja "si, ei, ti", hapati "cat". Akisema k, a, t, polepole, kisha haraka, paka anatokea.

Tunaanza na sauti sita: s, a, t, i, p, n. Kwa hizo tu anasoma "sit", "pin", "tap". Angalisho moja: t ni t, si "te" wala "ta". Ukiongeza vokali, "tap" inageuka "tapu".

Kiingereza kina herufi 26, lakini sauti zake ni karibu 44, kwa hiyo herufi zinaungana. Hapo Kiswahili kinatusaidia: "sh" ya shamba ndiyo ya "ship", na "ch" ya chai ndiyo ya "chin". Kwa Kifaransa, "ch" ya "chaise" inasomwa kama "sh" yetu. Mtoto aambiwe wazi: kila lugha iko na desturi yake. Maneno kama "one" na "said" hayafuati njia hiyo. Hayo tunayashika kwa kichwa.

Mzazi asiyejua Kiingereza naye ana kazi. Mkichambua maharagi, sema: m, a, m, a. Mtoto aunganishe: mama! Masikio yakizoea, macho yatafuata.

Wanachama, leteni watoto, hata yule binti mwenye kubaki akilinda wadogo zake, aje nao. Wafadhili, tunaomba chaki, vibao vya kuandikia na vitabu vyepesi. Watoto hawa walirudi na kitu kichwani. Tusikiache kipotee hapa kwetu.