Kitabu Kilichozunguka Miaka 22



Nimeombwa nizungumzie kazi ya uchapishaji inayowajali watu wasiosikika. Nikiri mapema kwamba lugha ya "kuwapa watu sauti" hainikai moyoni. Nani alikwambia hawana?

Yolande Mukagasana alikuwa muuguzi mwenye zahanati yake Nyamirambo, hapa Kigali, mwendo mfupi tu kutoka ukumbi huu. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, aliuawa mumewe, wakauawa watoto wake wote watatu. Miaka mitatu baadaye ushuhuda wake ulitoka Paris, kwa Kifaransa, akiwa ameuandika pamoja na Patrick May. Toleo la Kiingereza, Not My Time to Die, lililofasiriwa na Zoe Norridge, lilitoka mwaka 2019, na safari hiyo mchapishaji alikuwa Huza Press ya hapa hapa Kigali. Hesabuni wenyewe. Ilikichukua miaka 22 kitabu cha mama wa Nyamirambo kupata mchapishaji wa Kigali, tena kwa njia ya Ulaya.

Mama huyo hakuwa bubu. Waliokosekana ni watu wa katikati: mhariri, msomaji wa prufu, mtu wa kubembeleza bei kwa mchapaji, mtu wa kutunza mkataba na kukumbuka mrabaha wa mwandishi mwaka ukiisha. Hao ndio ninaowatafuta katika ukumbi huu. Waandishi tunao.

Louise Umutoni alipoanzisha Huza mwaka 2015, hakukaa dirishani kungoja miswada ije. Iliitishwa tuzo ya hadithi fupi, na hadithi zilizofanya vizuri zikawa kitabu. Ninaipenda njia hiyo kwa sababu mwandishi mchanga anapata tarehe ya mwisho, na tarehe ya mwisho ni nusu ya uandishi. Baadaye Huza iliungana na Kwani ya Nairobi na No Bindings ya Bristol katika mradi wa Radio Book Rwanda, maandishi na sauti vikaenda bega kwa bega. Katika nchi hii redio iliingia nyumbani kabla ya kitabu. Mchapishaji asiyelijua hilo atabaki na maboksi boharini.

Lakini nimeshaitaja redio, na Kigali hutaji redio ukapita.

Redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Haikuvaa suti. Ilipiga muziki, ilitania, ilisema kama wanavyosema watu baa na sokoni. Ilijinadi kuwa ni ya wananchi, na ndiyo iliyochochea mauaji ya 1994, ikasoma hadi majina ya watu wa kuwindwa. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wake, alikuwa mwanahistoria, mwalimu wa chuo kikuu cha nchi hii. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kumpunguzia kifungo, haikumsafisha. Ninamtaja mbele yenu walimu kwa makusudi. Mtu anayekwambia kwamba kila sauti ya mtaani ni njema kwa kuwa ni ya mtaani, muulize kama amewahi kuishi hapa.

Upande wa pili namweka padri André Sibomana. Alikabidhiwa Kinyamateka mwaka 1988, gazeti la Kanisa Katoliki lililokuwapo tangu 1933, la Kinyarwanda, lililofika vijijini. Likaandika juu ya njaa na ulaji wa wakubwa. Mwaka 1990 yeye na wenzake wakaburutwa mahakamani, wakaachiwa, kwa kuwa waliyoandika walikuwa na ushahidi wake. Hapo ndipo ninapoona tofauti. RTLM na Kinyamateka zote mbili zilizungumza Kinyarwanda cha watu. Moja ilikuwa na mhariri aliye tayari kusimama kizimbani na faili lake mkononi.

Vijana huniuliza kama kazi hii inalisha. Inalisha polepole. Wachapishaji wengi wa Afrika Mashariki wanakula kwa vitabu vya shule, na hadithi zinapata makombo. Jifunzeni kukokotoa gharama ya nakala moja kabla hamjajifunza kuhutubia.

Na msidharau watoto. Mwaka 1995, nchi ingali inazika, Agnès Gyr-Ukunda alianzisha Editions Bakame ili watoto wa Rwanda wasome kwa Kinyarwanda. Bakame ndiye yule mnayemwita Sungura, wazee wangu mliotoka Biryogo kuja kunisikiliza: mdogo wa umbo, mrefu wa akili. Kiswahili nacho ni lugha rasmi hapa tangu 2017. Msomaji wake ameketi hapa mbele amevaa kofia. Vitabu vya hadithi vya Kiswahili ni vya kutafuta kwa tochi.

Nimalizie na kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza wa uhariri nilikabidhiwa kumbukumbu za maisha za mama mmoja mshonaji, zilizoandikwa kwa Kiswahili cha Kigali, Kinyarwanda kikichungulia kila mstari. Nami, kijana wa sarufi, nikazinyoosha. Nikang'oa misemo yake, nikapanda ya vitabuni. Nilimpelekea prufu nikingoja shukrani. Alivaa miwani, akasoma ukurasa mzima kwa sauti, taratibu, kidole kikifuata mstari. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu anayesema hapa ni nani?"

Nilimjibu, "Ni wewe, mama."

Akasema hamjui. Akanisogezea kigoda karibu na cherehani yake, akachukua ile chaki ya kupimia nguo, na akaanza kuzungushia maneno yangu, moja baada ya jingine. Tulikaa alasiri nne. Wateja waliingia na kutoka na suruali zao, na kila aliyeingia aliulizwa neno hili angelisemaje.