Deni la Mkonge kwa Udongo

Siku hizi kuna dai lisilokosekana katika maandiko ya miradi: ardhi iliyochoka ipandwe zao lisiloliwa, nayo itapona yenyewe huku mwenye shamba akivuna mafuta au nyuzi. Dai hilo linapendeza masikioni, na mhadhara huu unalikataa.

Mbono, zao la mafuta lisiloliwa, umekwisha kutoa ushahidi. Miaka ya 2000 ulisifiwa kwamba unastawi popote, hata penye kokoto. Lakini kuota si kuzaa. Pasipo maji na rutuba mbono hubaki hai, mbegu zikawa haba. Kisarawe, kampuni ya Kiingereza iliyopewa zaidi ya hekta 8,000 ilifilisika mwaka 2011, na wanavijiji wakabaki bila ardhi wala ajira.

Watetezi wa dai hukimbilia mkonge, na hapo ndipo wanapojikwaa. Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyonusurika safari kutoka Florida kupitia Hamburg. Mkonge hauliwi, unavumilia jua. Kama kupandwa tu kungetosha, udongo wa mashamba ya mkonge ya Tanga ungekuwa mfano kwa nchi nzima.

Sivyo ulivyo. Mwaka 1995 Alfred Hartemink na J. F. Wienk walichapisha utafiti kuhusu mashamba hayo ambao kila anayepanga kurejesha ardhi angepaswa kuusoma mara mbili. Walichukua vipimo vya udongo vya miaka ya nyuma wakavilinganisha na vipya: asidi imepanda, kalsiamu na potasi zimeshuka. Hii ndiyo sayansi yenye subira. Kabla ya hapo wengi walinung'unika tu kwamba shamba limechoka. Vipimo vile vilionyesha limepoteza nini, na kwa miaka mingapi.

Virutubisho hivyo vilipotelea wapi? Jani linaingia kwenye mashine iitwayo korona, linapondwa na kukwanguliwa, na nyuzi zinazotoka ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Yanayobaki, maji ya kijani na nyama ya jani, huenda na mfereji. Mwandishi wa mhadhara huu alikulia jirani na kiwanda kimoja chenye mashine hiyo. Anaikumbuka harufu ile kali, na kijito kilichobadilika rangi chini ya mfereji. Kalsiamu ya shambani ilikuwa inapita pale, mbele ya macho ya watu.

Kinyume chake ni Shinyanga: baada ya mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI kuanza mwaka 1986, Wasukuma walirudisha ngitili zao, yaani hifadhi zao za jadi za malisho: wakafunga malisho, visiki vikachipua, majani yakaoza palepale yalipoanguka. Hakuna kilichopelekwa kiwandani.

Pamoja na hayo yote mkonge usitupwe, kwani miteremko mikavu ina mazao machache yanayoufikia kwa ustahimilivu. Upandwe kwa kufuata kontua, mikunde iwekwe kati ya mistari. Huko Hale mabaki ya korona yamekwisha kuzalisha gesi na umeme; yanayosalia humo ni mbolea, na trekta linaloleta majani kiwandani linaweza kuirudisha shambani badala ya kurudi tupu.